Laptopu Iliyong'oa Meno

Biashara ya kwanza kati ya Sumaku, muuza laptopu za mtumba, na yule mwanamke iliishia kwenye kofi. Sumaku alikuwa amemuuzia chaja iliyokufa siku ya pili. Siku ya tatu mwanamke akarudi, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai, akamzaba kofi mbele ya wateja wawili, kisha akanyoosha kiganja kilekile kilichopiga.

"Nipe nyingine," alisema. "Na hii uijaribu nikiona."

Sumaku akampa, akaijaribu. Mikono ya kulirudisha kofi alikuwa nayo, lakini alipiga hesabu: mteja anayerudi kupiga ni mteja anayerudi. Mtu aliyeanza kwa kutandaza nyaya za mtumba juu ya gunia kando ya barabara hafukuzi mnunuzi kwa ajili ya shavu.

Mwanamke huyo mtaani walimwita Mkasi. Kazi yake ilikuwa kuchora michoro ya kukatia nguo kwa ajili ya kiwanda cha ovaroli: mgongo, mkono, kola, mfuko, kila kipande kwa saizi sita. Alichorea kwenye laptopu inayoendeshwa na Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa. Si mapenzi wala maringo. Programu yake ilikuwa ya bure, na zile za makampuni makubwa zilidai malipo kila mwezi kama mwenye nyumba. Alijifunza peke yake kwenye meza ya jikoni, miaka saba, huku mumewe, mlinzi wa ghala la mbao, akimpiga mshahara ulipochelewa na akimpiga ulipowahi. Mfupa wa bega lake la kushoto ulivunjika ukaunga upande. Naye hakuwa kondoo. Mume alitembea na kovu la pasi ya moto mkononi, lenye ncha kabisa, kama vile limechorwa kwa rula. Mwishowe Mkasi alibeba laptopu na nguo za kubadilisha, akakodi chumba cha kwake.

Asubuhi moja akaingia dukani na laptopu hiyo kwapani, imefungwa kwa kamba ya kiatu. Bawaba zilikuwa zimekatika, kioo kina ufa, na kila dakika kumi inajizima.

"Imeanguka?" Sumaku aliuliza.

"Ilinikinga kichwa. Jana alinivizia njiani."

Sumaku akaigeuza. Katikati ya mfuniko palikuwa na shimo la rungu, la kutosha kukalisha kikombe. "Basi imefanya kazi yake. Helmeti ingekugharimu zaidi."

"Utani peleka kwa mkeo. Kesho saa nne kiwanda kinakata ovaroli mia nane. Michoro isipofika, kazi anapewa mwingine, chumba kinaondoka, na mimi sina pa kulala ila kwa yule. Nikirudi kwa yule, mmoja wetu atatolewa amefunikwa shuka."

Hakupandisha sauti. Sumaku alimhurumia kidogo, halafu akakumbuka kwamba mwenye shida ya saa ishirini na nne hulipa bei yoyote. Akavuta laptopu ya kung'aa, nyembamba kama sahani.

Mkasi hakuitazama sura. Alichomoa flashi yenye Linux kutoka mfukoni, akaichomeka, akaiwasha laptopu kwa kupitia hiyo flashi bila kugusa kilichomo ndani. Akatafuta waifai. Hakuna.

"Flashi yako mbovu, dada yangu."

"Flashi hii imewasha mashine za watu kumi. Hii yako kadi yake ya waifai ni bubu. Na kumbukumbu imechomelewa humohumo, siwezi kuongeza hata nikitaka. Ondoa."

Ya pili iligoma kabla ya kuanza, ikadai nenosiri.

"Hii ya ofisi gani?"

"Ilifungwa."

"Ilifungwa, au ilivunjwa dirisha?"

Sumaku akairudisha chini ya meza, akatoa ya tatu. Ilikuwa nene, nyeusi, imechujuka pembeni, nzito kama tofali, bawaba zake za chuma. Mkasi akaiwasha. Waifai ikaonekana. Sauti ikatoka. Akafunga mfuniko, akahesabu hadi ishirini, akafungua, ikaamka.

"Laki tatu," alisema Sumaku.

"Laki na nusu."

"Kwa laki na nusu nitakuuzia kibodi, tena bila herufi za mwisho."

"Mwizi ana aibu kuliko wewe. Mwizi huja usiku."

"Na mteja mwenye adabu haji na rungu la mumewe likimfuata."

Walitukanana robo saa hivi, mpaka bei ikakwama laki mbili na arobaini. Hata hapo hakutoa pesa. Alitaka diski yake ihamishwe kwanza, aone michoro. Linux yake haikuwa na makuu: ng'oa diski huku, ipandikize kule, inaamka kama mgeni aliyelala chumba kingine. Sumaku akashika bisibisi. Gamba la zamani likabaki juu ya meza bila diski. Ile nyeusi ikawaka, na mchoro wa mkono wa ovaroli ukajaa kiooni.

Hapo ndipo mume alipoingia, rungu mkononi.

Hakumsalimu mtu. Aliiona laptopu yenye shimo alilolichimba mwenyewe, akaitupa sakafuni, akaikanyaga kwa kisigino mara nne, tano, mpaka vibonye vikarukia mlangoni. Alijua kitu kimoja tu kuhusu kazi ya mkewe: kwamba iko ndani ya kile kidude. Ukikivunja, mke anarudi.

"Haya," alisema akihema. "Sasa utachorea vidole. Twende nyumbani."

"Umekanyaga bati," Mkasi akamwambia. "Ndani hamna kitu."

Mume akafuata macho ya mkewe hadi kwenye kioo chenye mchoro. Rungu likapanda. Sumaku akanyoosha mkono kuokoa mali yake, si mwanamke, na rungu likapasua meza ya kioo pamoja na mkono uliokuwa juu yake. Pigo la pili lilimpata Mkasi kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulilia kama kijiti kinachovunjika. Hakulia yeye. Alifunga mfuniko, akalipakata lile tofali kwa mkono mzima na kiwiko, akalizungusha kwa ukingo wa chuma hadi mdomoni mwa mume. Meno yakatoka. Akampiga tena alipoinama, na tena alipopiga magoti juu ya vioo, halafu mara moja zaidi ambayo haikuhitajika. Muuza viatu wa jirani akaingia, akamburuta mume nje kwa miguu kama gunia.

Mkasi akaiweka laptopu juu ya kiti, akafuta damu kwa pindo la gauni, akafungua. Ikaamka. Mkono wa ovaroli ulikuwa palepale.

"Ina mkwaruzo," alisema. "Na pembe imebonyea. Laki mbili."

Sumaku alikuwa amefunga mkono wake kwa fulana, damu ikidondoka kwenye viatu. "Umeibonyeza mwenyewe."

"Kwenye kichwa kilichoingia dukani kwako. Sasa ni mtumba wa mtumba."

"Laki mbili na thelathini."

"Kumi."

"Ishirini, na lile gamba libaki kwangu."

"Chukua."

Michoro ilifika kiwandani kesho yake saa tatu na nusu, nayo ikachukuliwa. Mkasi alichora miezi miwili kwa mkono mmoja, na hadi leo kifundo kinamuuma akichora, lakini chumba ni chake na ufunguo ni mmoja. Mume alipoteza meno manne na kazi; ghala halikutaka mlinzi ambaye mtaa mzima ulimwona akiburutwa. Anabeba mbao sasa badala ya kuzilinda.

Sumaku aliuza feni na kumbukumbu zilizosalimika ndani ya lile gamba, pesa ikatosha nyuzi za daktari, si kioo cha meza. Vidole vyake viwili havikunjiki tena, hawezi kushika bisibisi ndogo, na kila laptopu inayofunguliwa dukani anamlipa fundi. Kwa upande mwingine, mafundi cherehani wa kiwandani walianza kuja, wakiuliza "ile aina iliyong'oa meno". Akazitafuta, akapanga kumi na mbili rafuni, akapandisha bei, nao wakanunua.