Mjomba, Mayai na Simu Iliyozimwa

"Mjomba, kwani simu ikikaa imezimwa itakuwaje?"

Nilimuuliza hivyo jikoni kwetu, nikiwa na miaka tisa.

Mjomba ni mdogo wake mama, fundi wa lifti. Nyumbani tulimpachika jina la Juu-Chini, na si kwa ajili ya kazi tu: hakutulia. Lifti ikikwama popote mjini, yeye ndiye aliyepigiwa, awe mezani au kitandani. Kwa hiyo alikula wima, sandwichi ya mayai mkono huu, funguo mkono ule. Alisema hakuna chakula kinachomfaa kama hicho: hakipoi, hakimwagiki, na mkate na mayai vinanunulika hata mwisho wa mwezi.

Siku hiyo alikuwa anamwandalia sandwichi hizo fundi cherehani mmoja, mwanamke ambaye yeye mjomba alitamani kumwoa. Walishakula pamoja mara kadhaa, na kila mara simu ilimnyanyua mjomba sahani haijafika nusu. Mwisho fundi cherehani akatoa neno: "Nakuja kwa dada yako. Mlo mmoja tu, mwanzo hadi mwisho, simu imezimwa. Ukishindwa, tusisumbuane tena."

Fundi mwenzake wa lifti akakubali kumshikia mjomba zamu. Simu ikazimwa, ikawekwa juu ya friji.

Fundi cherehani alifika, akavua viatu chini ya meza. "Mimi sina haraka," akasema.

Mjomba alikuwa nayo ya watu wote. Akafunua sufuria ya mayai jikoni, akaifunika, akaenda dirishani, akarudi, akaifunua tena. "Yameiva haya," akatangaza. Akayaopoa, akayatia maji baridi, akamenya. Alipoyaponda kwa uma, kiini kikatiririka bakuli zima.

"Kaka, hiyo ni sandwichi au uji?" mama akauliza.

"Itashikana tu, dada."

"Labda uitie simenti."

Tukacheka, fundi cherehani kutuzidi sote. Alikuwa akimtazama mjomba kama kitambaa ambacho kichwani ameshakishona. "Chemsha mengine," akamwambia kwa upole. "Si nimesema sina haraka?"

Yakabandikwa mengine. Mjomba akakatakata kitunguu hadi kikawa kama mchanga. Akachanganya kijiko kimoja cha mayonezi na viwili vya mtindi, maana mtindi ni rahisi, akakamulia limau, akatia chumvi na pilipili manga. Akapanga mkate. Kazi ikaisha, mayai bado. Hapo mikono yake ikakosa pa kwenda. Akaipangusa kwenye suruali, akatupa jicho kwenye friji, akaliondoa, akalirudisha. Ndipo nikamuuliza lile swali langu.

"Acha niangalie saa tu," akasema, akaichukua simu, akaiwasha.

Saa ya ukutani ilikuwa pale pale, juu ya kichwa chake.

Simu ikatoa mlio wake wa kuwaka, ikanyamaza. Hakuna aliyepiga. Hata ujumbe hakuna. Mjomba akaitikisa kidogo, kama redio iliyoishiwa betri.

Fundi cherehani akavitafuta viatu vyake kwa miguu. "Afadhali ingelia," akasema. "Ningejua nashindana na nini."

"Kaa, anti, yanakaribia kuiva," nikamwambia.

Akanigusa shavu, akamuaga mama. Mjomba alimfuata hadi mlangoni. Alirudi akasimama mbele ya jiko hadi maji yakakauka, na mayai yakaanza kupasuka moja moja.

Sasa nina miaka kumi na sita. Fundi cherehani ameolewa kwingine, ana mtoto. Mjomba bado ni fundi wa lifti, ila zamu zimegawanywa na ana vijana wawili chini yake. Jumapili iliyopita alikuja kwetu, tukawa tunamenya mayai pamoja karibu na sinki, nikamkumbusha swali langu. Nilidhani atanitania. Akahangaika kwanza na kipande cha ganda kilichogoma kutoka.

"Mtoto wewe una maswali," akasema. "Niliogopa itakuwa vile vile ilivyokuwa. Naizima, na lifti zote za mji huu zinapanda na kushuka vizuri tu bila mimi."