Siku Arobaini za Deo

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu kule Mgeta, nyumbani kwetu palikuwa na kichanga wa miaka minne. Alikuwa mdogo wangu Deo, na aliyemfanya kichanga ni Bibi, mama yake Mama.

Masika yale surua ilipita kijijini. Mimi nilikuwa nimechanjwa. Deo hakuchanjwa: siku ya kliniki yake njia ya kuteremkia zahanati ilikatwa na maporomoko, mwezi uliofuata watu wote walikuwa kwenye viazi, kisha jambo lenyewe likasahaulika. Akaugua, macho yamewiva, upele mwili mzima. Bibi alimlaza chumba chenye giza, akamnywesha uji mwembamba kijiko kwa kijiko, na upele ulipozidi yeye akafurahi.

"Uache utoke," alisema. "Ukitoka, mwili unapigana."

Homa ikashuka, ngozi ikaanza kubabuka. Mama akapiga ishara ya msalaba na kusema yamekwisha.

"Hayajaisha," Bibi akamjibu. "Surua haiondoki mikono mitupu. Imebeba kila alichokuwa nacho huyu mtoto. Mafua aliyokwisha kuyaugua, kikohozi alichokwisha kukizoea, vyote sasa ni vigeni kwake. Huyu amezaliwa juzi."

Basi akafanyiwa kama aliyezaliwa juzi. Bibi alimnyoa nywele zote, akamweka jikoni kwake, karibu na mafiga, akahesabu siku arobaini kama zinavyohesabiwa kwa mzazi na mwanawe. Aliyetoka gulioni hakuingia. Aliyetoka msibani hakuingia. Aliyekohoa alisalimia akiwa uani. Moto wa kuni haukuzimwa, na kile chumba kilikuwa na dirisha moja dogo tu.

Mama hakuyapenda mambo hayo, lakini alishinda shambani kwenye kabichi, na Baba alikuwa kwenye mashamba ya miwa kule bondeni, akirudi mara chache. Kwa hiyo nilipotoka shule mimi ndiye niliyekuwa mlinzi.

Nilikuwa mlinzi mwenye aibu. Darasani walikwisha kupata habari.

"Rosa, kichanga wenu ameota meno?"

"Ameota. Jana aliomba kande."

"Msalimie mzazi. Mwambie anyonyeshe vizuri."

Deo mwenyewe alikuwa amechoka kuliko mimi. Alikwisha kupata nguvu, anaruka juu ya kitanda cha kamba, anachungulia dirishani. Siku ya ishirini na sita, mchana, Bibi alipanda mlimani kutafuta kuni. Lori la kabichi lilikuwa limefika chini barabarani. Tulisikia honi yake. Deo akanishika gauni.

"Dada, nione tu. Nikishaona tunarudi."

Nikambeba mgongoni, nikamfunika kichwa kwa kanga ya Mama.

Palikuwa na watu tele: wapakiaji, wakulima na matenga yao, mama mmoja na beseni la maandazi. Utingo alimnyanyua Deo akamsimamisha kando ya gurudumu la nyuma, na gurudumu likamzidi kimo. Palikuwa pia na mtoto wa kike wa umri wake, anakohoa kikohozi kizito cha makohozi, anakula andazi. Alilimega akampa Deo nusu. Nililiona jambo hilo. Nilikumbuka maneno ya Bibi wakati uleule, nikajiambia kwamba ni andazi tu.

Tulirudi kabla ya Bibi.

Siku ya nne baada ya kwenda barabarani Deo akaanza kukohoa. Siku ya sita pua zake zilikuwa zinatanuka kila anapovuta pumzi, na chini ya mbavu palikuwa panabonyea. Mama hakungoja ushauri wa mtu. Alimfunga mgongoni asubuhi na mapema, tukashika njia ya zahanati, mimi nyuma na chupa ya chai. Njia ile ni ya mteremko mkali, unashuka ukikaza vidole vya miguu kwenye udongo. Hatukuwa mbali na zahanati Mama aliposimama. Hakulia. Alisimama tu, kichwa ameinamisha kidogo upande, kama mtu anayesikiliza kitu mgongoni mwake. Kisha akakaa chini kwenye majani.

Baada ya maziko, mbele ya wanawake waliokaa matanga, Mama alimgeukia mama yake mzazi.

"Ulimfungia mwanangu kwenye moshi. Siku zote zile. Moshi wako ndio ulioingia kifuani mwake."

Wote walimtazama Bibi. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, karibu ya kutosha kuguswa. Bibi hakunitazama.

"Moshi ulikuwa mwingi," alisema. "Ni kweli."

Siku watu walipotawanyika nilimkuta anasugua masufuria.

"Deo alinieleza habari za lori," aliniambia bila kuinua macho. "Alisema gurudumu lilimzidi."

Nilichuchumaa kando yake. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Mama.

"Mama yako amebaki na mtoto mmoja. Akimchukia huyo, atabaki na nani? Lete maji."

Mwaka haukuisha tukahamia mjini, Mwembesongo. Mama hakupanda tena mlima ila siku moja, kumzika Bibi, na alirudi na gari la jioni ileile.

Nikawa mwalimu. Nimefundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka mingi, na kila mwaka nimefika kwenye somo la kinga ya mwili. Huwaambia watoto kwamba damu yao ina seli nyeupe zinazopambana na vijidudu, na kwamba baadhi yake kazi yao ni kukumbuka. Ugonjwa uliokwisha kuingia mara moja, zinautambua ukirudi, na mwili hutengeneza kingamwili upesi kabla haujakita mizizi. Chanjo huzifundisha kukumbuka bila mtoto kuugua. Kisha nafika kwenye surua, na hapo huongea polepole zaidi. Surua huziharibu zile seli za kumbukumbu. Mtoto hupona, upele hukauka, lakini mwili wake umesahau mengi uliyokwisha kujifunza, na kwa miezi mingi, pengine miaka, kikohozi cha kawaida chaweza kumuua.

Mara ya kwanza kulisoma jambo hilo nilifunga kitabu, nikatoka nje ya ofisi ya walimu.

Sijui ni nini kilichomuua Deo. Moshi hudhuru mapafu ya mtoto, na katika hilo Mama alikuwa na haki. Andazi lile, au pumzi ya yule mtoto, huenda ndiyo iliyomletea. Na kama tungemteremsha kliniki mwezi ule wa viazi akachanjwa, tusingefika kwenye moshi wala andazi.

Mwezi uliopita Mama, ambaye sasa ni mzee na anaishi nami, alitaja tena "yule bibi na moshi wake." Tulikuwa tunachambua mchicha. Nikamwambia yote, tangu honi ya lori. Nilitegemea anifukuze mbele yake.

Alimaliza fungu alilokuwa nalo mkononi.

"Huko barabarani," akauliza, "alicheka?"

"Alicheka, Mama. Sana."

Alikusanya mabua ya mchicha, akayatia kwenye ungo. Kisha akasema kwamba miaka yote hii hajamwombea mama yake misa hata moja, akaniagiza niende parokiani nikaandike jina.

Nilikwenda. Bibi alikosea kuhusu ule moshi, na kuhusu kile ambacho surua ilimwibia Deo alikuwa sahihi kuliko sisi sote. Lakini kilichomtenga na binti yake hakikuwa moshi wala surua. Nilikuwa nimekaa pale mkekani, najua, nikaacha alaumiwe. Nilikuwa na miaka tisa, na huo ni udhuru wa mtoto. Miaka iliyofuata sina udhuru wake.