Damu ya Resian Inaenda Wapi

Nalotuesha alikataa kiti. Alisimama nyuma ya binti yake Resian katika kliniki ya macho mjini Kitengela, akiikodolea macho sindano ya Daktari Wangeci. Siku hizo jua likizama, Resian hakuweza kuwaona hata mbuzi wakiingia bomani.

"Sisi tukimtoa ng'ombe damu, tunainywa hapo hapo," alisema Nalotuesha. "Nyinyi mnaipeleka wapi?"

"Maabara, Mama Resian. Tutazirudisha seli zake ziwe changa kama za mimba, kisha tuzikuze ziwe seli za jicho."

"Jicho litoke mkononi? Daktari, usinichezee."

Wangeci akacheka, akaeleza. Seli ya jicho inayopokea mwanga ina kinywele kimoja kidogo mno, na protini hupitia humo. Yeye na wenzake walishuku kwamba kwa Resian protini hizo hukwama njiani.

"Basi anza na mimi. Kama ni kuumia, niumie mimi." Nalotuesha akanyoosha mkono.

"Vizuri sana! Tunahitaji pia damu ya mzazi, tulinganishe."

Nalotuesha akaurudisha mkono upesi. Soko la mifugo la Kajiado lilikuwa limemfundisha kumwogopa mnunuzi anayefurahi haraka.

"Na hiyo itamponya lini?"

Wangeci akaacha kucheka. "Sijui, mama. Pengine isimsaidie yeye, isaidie watoto watakaokuja."

Kila walikopita, waliahidiwa. Huyu hakuahidi kitu. Nalotuesha akapandisha shuka begani, akanyoosha mkono tena.

"Toa. Lakini nakuangalia."