Kumi na Tatu Mara Mia Saba Sitini na Tisa

Binti yangu alichapwa fimbo mbili kwa jibu sahihi. Naanza na hilo, maana nikianzia kwingine nitatukana.

Swali lilisema: taja namba tasa kubwa kuliko zote yenye tarakimu nne. Akaandika 9,973. Mwalimu akamwekea kosa, pembeni akaandika 9,997.

Mimi nachekecha mawe ya dhahabu yaliyosagwa kwenye karasha, hapa Bugarama. Siku hiyo nilirudi na mfuko mtupu wa saruji, nikauchana, tukakaa mlangoni na kalamu. Namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Lakini huhitaji kuijaribu kwa kila kitu. Hii yetu unaijaribu kwa namba tasa zilizo chini ya mia tu, kwa sababu mia mara mia ni elfu kumi na yenyewe haifiki hapo. Ziko ishirini na tano. Tulizigawa zote. Saba ikabakiza tano. Kumi na tatu ikabakiza mbili. Mpaka tisini na saba, ikabakiza sabini na tisa. Hakuna iliyoingia.

Tukaichukua ile ya mwalimu. Haikufika mbali: 13 mara 769, kwisha.

Binti akacheka. "Kumbe sikukosa."

"Hukukosa."

Asubuhi nikaenda shuleni na kipande changu cha mfuko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mzazi. Leo hakuna karasha?"

Nikamwonyesha. Akatoa simu, akazidisha, ikatoka 9,997.

"Jibu limetoka kwenye kitabu, mzazi."

"Kitabu kimekosea."

"Darasa zima nimelisahihishia kwa hichohicho. Sasa nikawaombe radhi watoto tisini?"

"Anza na mmoja."

Walimu wawili wa meza ya pili wakacheka. Yeye akaniuliza taratibu, kama anayeuliza bei ya nyanya: "Kidato cha nne, hesabu ulipata nini?"

Mtihani ule niliufanya nikiwa na mimba ya huyuhuyu, nimeibana kwa khanga nisifukuzwe. Nilimjibu: F. Akanirudishia kipande changu na kuendelea na chai yake. 13 mara 769 ilikuwa bado 9,997, na haikunisaidia kitu.

Ijumaa akawapa tena mtihani uleule. Binti alikuja na karatasi, hakuchapwa. Kwenye lile swali ameandika 9,997, na juu yake vema kubwa ya wino mwekundu.

"Lakini unajua," nikamwambia.

"Najua, mama. Inagawanyika kwa kumi na tatu."

Akachukua ndoo akaenda bombani. Nilitaka kumgombeza. Nilifungua kabisa mdomo. Lakini zile fimbo zinampata yeye, hazinipati mimi.