Halusha kwenye Barabara ya Ziwa

Saa kumi za alasiri, wakati wa vita, nilijiaibisha mbele ya kikundi chetu chote cha maombi, na hata leo nikipita Rwambuzi wapo wanaoniimbia. Mimi ni fundi cherehani, ila kikundini waliniita mwalimu. Kiebrania nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi ya Kifaransa (hakuna aliyeniomba). Siku ile tulikuwa kwa Mama Neema kumwombea mume wake, aliyepeleka ng'ombe malishoni njia ya ziwa na hakurudi, nami badala ya kuomba nikawa naeleza neno halusha, ambalo Musa analisema mara moja tu, pale Yoshua aliposikia kelele kambini akadhani ni vita, na Musa akamjibu kwamba si sauti ya washindi wala ya halusha, yaani ya watu walioishiwa nguvu, bali ni ya waimbaji.

Hapo tukasikia sauti. Ilitoka barabara ya ziwa, nzito, ya wengi, haina maneno, inapanda na kushuka, na mtaa mzima ulikuwa umefunga milango.

"Mwalimu, ile iko sauti ya nani?" akauliza Mama Neema.

Ningesema sijui. Nikasema ni waimbaji, kanisa fulani linarudi kutoka mafichoni, tukawapokee kwa wimbo. Wakanifuata, tukaimba kwa nguvu katikati ya barabara tupu, watu wakituchungulia madirishani na kutuashiria tunyamaze, hadi kwenye kona, tukakuta ng'ombe. Wengi, bila mchungaji, viwele vimejaa hadi maziwa yanadondoka vumbini, wanalia kwa maumivu maana hakuna aliyewakamua. Wakasimama, wakatutazama.

Muzee Zakaria, shemasi wetu, akaniambia polepole, "Endeleya tu, mwalimu. Ngombe zinapenda."

Nami kwa aibu (sijui nilifikiri nini) nikaanza ubeti wa pili.

"Weye, nyamaza," Mama Neema akasema. "Iko ngombe zetu."

Tuliponyamaza ndipo tukasikia sauti nyingine, ndani ya majani marefu kando ya barabara, pumzi tu, inamwita Mama Neema. Mume wake alikuwa amelala pale, mguu umevimba, hana nguvu ya kupaza sauti, na alikuwa akituita tangu tulipotokea.

Alipona. Hunisalimia vizuri, ila husema alinisikia wazi kabisa, kila neno. Mimi, niliyekuwa nimetoka kuieleza sauti kama yake, sikumsikia. Sasa nikisikia kitu nisichokijua, nafunga mdomo kwanza.