Taa ya Romano Wanyera Haikuuzwa

Romano Wanyera hakuiba taa ya kompyuta, wala hakuvuka nayo mpaka kwenda kuiuza Kenya. Wanaosimulia hayo sokoni Nakaloke hawajawahi hata kuigusa kompyuta. Ukweli ni huu.

Romano alikuwa karani wa ofisi moja ya mbegu mjini Mbale. Mwaka 1996 ofisi ililetewa kompyuta mbili ndogo, za kukunjwa kama kitabu. Moja ikabaki Mbale, ya pili ikapelekwa tawi la Jinja. Mkuu wake, Wamboga, mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu alimwita afande, aliamuru ya Mbale ikae mezani ikitazama mlango, ili wakulima waione tangu barazani. Jua la asubuhi lilipiga pale pale kwenye kioo.

"Karani, ongeza mwangaza."

"Umefika mwisho, afande."

"Basi uache hapo hapo. Mgeni asije akadhani tumeweka sinia."

Ikawaka hivyo kutwa, hata siku zisizo na barua ya kuchapa. Macho ya Romano yalitoka machozi, naye akanyamaza. Hilo ndilo kosa lake, na ni moja tu.

Mwaka wa tatu kioo kikaanza kufifia. Kwanza kilipata rangi ya chai ya maziwa, kisha herufi zikasomeka kwa kuinamia. Mtu akamnong'oneza mkuu kwamba taa nzima inayoangaza kioo kwa ndani ilichomolewa ikauzwa, ikatiwa mbovu. Wamboga hakuuliza mara mbili.

"Mpaka Ijumaa taa iwe hapa. La sivyo, utawaeleza polisi."

Romano alikuwa mzee wa kanisa na baba wa mabinti watatu. Kufukuzwa kazi angevumilia. Mabinti kuitwa watoto wa mwizi, hapana. Aliomba jambo moja: mashine ipelekwe ikalinganishwe na ya Jinja, na mkuu mwenyewe aishike njia nzima. Wamboga akaipakata kama mtoto mchanga tangu Mbale hadi Jinja.

Huko, Hajara mpiga chapa alifungua ya kwake, wakaziweka bega kwa bega. Ya Hajara iling'aa.

"Wewe Hajara, yako unailisha nini?" Romano akauliza.

"Mzee, chumba changu hakina dirisha, wala mgeni wa kustaajabu. Mwanga mkali ulinichoma macho, nikaupunguza hadi nusu tangu wiki ya kwanza. Nikienda kula, naifunga."

Yekosofati, fundi wa mashine wa tawi hilo, aliigeuza ile ya Mbale. "Rangi ya kiwandani bado iko juu ya skrubu zote. Hii haijafunguliwa na mtu." Akaifungua mbele yao. Nyuma ya kioo mlikuwa na taa nyembamba kama unyasi, ncha zake nyeusi kama utambi wa koroboi.

"Taa ni ile ile, imechoka tu. Ukiiwasha kwa nguvu zote kutwa nzima, inazeeka mapema. Hizi mbili zina umri mmoja, afande. Moja imetembezwa, nyingine imekimbizwa."

Wamboga aliziinamia zile ncha. "Kwa hiyo mwizi ni mimi."

"Si mwizi, afande," Hajara akasema. "Unapenda wageni mno."

Wa kwanza kucheka alikuwa Wamboga mwenyewe. Yekosofati alikuwa na mashine iliyovunjika kioo. Akaitoa taa ya mashine hiyo, akaitia katika ile ya Mbale. Waliporudi Mbale, Wamboga aliigeuza meza kwa mikono yake, akamtaka radhi karani wake mbele ya ofisi nzima. Romano akauweka mwangaza katikati, na hakuna aliyeugusa tena.

Homa ilimchukua Romano mwaka uliofuata, akafariki. Taa ile ingali inawaka, na anayechapa mbele yake sasa ni Khainza, binti yake wa kwanza, aliyeajiriwa na Wamboga yule yule.

Aliyeanzisha uvumi anajulikana kwa jina na kwa nyumba yake. Mjane wa Romano, ambaye ndiye anayesimulia haya, hamtaji, na baada ya habari hii hana neno jingine la kumwambia mtu yeyote.