Salamu Maria Thelathini na Moja

Kwa muda wa Salamu Maria thelathini na moja, mtu anaweza kuwasha jiko, kubandika maji ya chai na kufagia kibaraza. Najua, kwa sababu ndivyo nilivyofanya kila asubuhi pale Makambako nikisubiri laptopu yangu iamke. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa, ya mkononi sikuwa nayo. Sala ninazo tangu utotoni, maana nimezaliwa nyuma ya misheni, nje kidogo ya Njombe. Basi nikawa nahesabu kwa sala, na sijawahi kuungama jambo hilo.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa na sisi tuliokuwa ndani tunapunguzwa kazini. Nilikuwa katibu muhtasi kwa miaka kumi na sita. Orodha ya waliopunguzwa niliichapa mwenyewe, asubuhi, kwa mashine yangu mwenyewe ya taipu, na jina langu lilikuwa la nne. Nililichapa bila kosa hata moja. Nikapeleka orodha kwa bosi isainiwe, kisha nikaenda chooni kulia.

Jirani mmoja wa Makambako, mzee wa Kiislamu mwenye malori mawili na duka la vipuri, alinikatia kona ya duka lake niweke meza. Ni yeye aliyeniletea ile laptopu kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa imetumika, nzito kama tofali, na herufi A imefutika. Watu walikuja na barua zao, mikataba ya mbao, kadi za harusi, nami nikachapa. Kuchelewa kuamka kwake hakukumsumbua mtu. Wateja walikaa kwenye benchi wakapiga soga na yule mzee, mashine nayo ikaendelea kukoroma.

Ikaja bahati. Sista mkuu wa shule moja ya wasichana kule Njombe alitaka mtu wa kumchapia mitihani kwa kompyuta, muhula hadi muhula. Niliposikia nilipiga kigelegele peke yangu dukani. Hiyo ingekuwa kazi ya kudumu, kazi ambayo ingenitoa kwenye kungoja mtu apite barabarani akumbuke kwamba ana barua. Masharti yake yalikuwa mawili. Mtihani uchapwe ofisini kwake, mbele ya macho yake, usije ukavuja. Ukiisha, uingie kwenye disketi, disketi iingie kabatini, na ufunguo ubaki kwenye mkanda wake.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa mbele yake, baridi ya Julai ikipita chini ya mlango. Nikafungua laptopu. Giza. Nikatabasamu. Giza. Sista akaangalia saa, akaniangalia, akaangalia tena saa. Midomo yangu ilikuwa inacheza, maana nilishaanza kuhesabu. Nilipofika thelathini kengele ya kipindi ikalia, na yeye alikuwa na darasa. Akarudisha bahasha ya maswali kwenye droo.

"Mama, wasichana wangu wanaanza mtihani wiki ijayo," alisema. "Njoo Alhamisi. Ikilala tena namna hii, nitampa mwingine."

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Mashine ikaamka wakati viatu vyake viko mbali kwenye korido. Niliitukana kwa Kibena, ndani ya nyumba ya masista, na hilo nimeliungama.

Niliporudi Makambako nikamweleza mzee. Yeye hakuwa na shaka hata kidogo.

"Baridi hiyo, dada yangu. Wallahi baridi. Lori langu likilala Iwawa kule Makete, asubuhi lazima nilipashe moto saa nzima. Ifunike."

Kwetu chochote unachokipenda unakifunga blanketi: mtoto, maziwa, vifaranga. Nikaifunga. Nikachukua daftari la shule nikapiga mstari katikati, nikaanza uchunguzi wangu kama daktari. Niseme ukweli, moyo wangu ulikuwa unaruka. Tangu nipunguzwe kazini sikuwa nimepata jambo la kupigana nalo ana kwa ana.

Blanketi: thelathini na moja. Bila blanketi: thelathini na moja. Karibu na jiko: thelathini na moja, na harufu mbaya. Nikabadilisha soketi. Nikachomoa panya wa kompyuta, nikamchomeka upande wa pili. Nikaipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli ya mteja. Thelathini na moja! Jumanne ikaisha, daftari limejaa namba ileile, na mzee akawa ananiita fundi kwa kejeli.

Jumatano ni siku ambayo watu wa vijijini walikuwa wanashuka kuchukua kazi zao. Asubuhi walikuja wengi: wa mbao, wa harusi, mwenyekiti wa wakulima wa viazi aliyetoka Makete na koti la kijeshi. Kila aliyesoma kazi yake kwenye kioo akaridhika, nilimchapishia, nikafunga kazi yake kwenye mashine. Mchana nikafunika kioo cha laptopu, nikala ugali, nikaifungua tena, mikono bado ina maji. Ikaamka kwenye ishirini na mbili.

Nikadhani nimeruka sala. Nikaifunika, nikaifungua, nikasali polepole kama kwenye mazishi. Ishirini na mbili! Wakaja wawili wengine, wakachukua barua zao. Nikajaribu tena. Kumi na tisa! Nilipiga ukelele hadi mzee akaja mbio na spana mkononi.

"Nyoka yuko wapi?"

"Hakuna nyoka! Ni mimi! Ni mimi mwenyewe!"

Na kweli nilikuwa mimi. Chuo cha uhazili kilitufundisha, na bosi wangu wa kwanza akatutia adabu zaidi: karatasi haitoki kwenye mashine mpaka mwenye barua aisome na kuridhika. Ukiitoa mapema na kuna kosa, huwezi kuirudisha mistari ikae sawa. Nimeishi na sheria hiyo tangu usichana wangu. Nikaihamishia kwenye laptopu bila hata kujiuliza. Kazi yoyote ambayo mwenyewe hajaja kuisoma, niliiacha wazi. Chini kwenye kioo vilikuwa vimepangana vidude, kimoja kwa kila kazi iliyo wazi, vidogo hata maandishi yake hayasomeki, nami niliviona ni pambo. Wengine walikuwa hawajarudi tangu Pasaka! Tena sikuwahi kuizima, nilikuwa naifunika kioo tu ilale. Kila asubuhi maskini alilazimika kuamka na watu wote wale mgongoni.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mzee naye akacheka, ingawa nadhani hakuelewa, maana alisisitiza kwamba blanketi lilisaidia. Tukaanza kazi. Nilihifadhi moja, nikaifunga. Nikahifadhi nyingine. Mzee akawa anahesabu kwa tasbihi yake, mimi kwa midomo, na kila tulipojaribu tukagonganisha viganja kama tumefunga goli. Kumi na nne. Tisa. Tano.

Ikabaki moja. Hiyo sikuifunga.

Ilikuwa barua ya kwanza kabisa niliyoichapa kwenye ile laptopu, kwa bosi wangu wa zamani, nikiomba kurudi kazini kwa nafasi yoyote. Niliifungua siku ile laptopu ilipofika na sikuwahi kuichapisha. Kila wiki nilibadilisha tarehe na neno moja, mara "naomba", mara "nakusihi". Niliona haya hata mbele ya mzee. Nikafunika mashine, nikasema tano inatosha.

Alhamisi saa mbili nilikuwa Njombe. "Kamwene," nilimwamkia Sista, naye akaitika, lakini bahasha hakuitoa. Nikafungua laptopu bila blanketi, bila tabasamu. Nikaanza moyoni, Salamu Maria, umejaa neema. Sikufika ya tano. Kioo kikawaka nikiwa kwenye ya nne, na furaha ikanipanda hadi masikioni, nikageuza mashine Sista aione ilivyo macho.

Sista akavaa miwani. Nikakumbuka kilichokuwa pale kwenye kioo, lakini nilikuwa nimechelewa. Aliisoma barua yangu yote, hadi mwisho, bila haraka.

"Kwa hiyo unataka kurudi kule," alisema.

"Ni barua ya zamani, Sista."

"Ina tarehe ya wiki iliyopita." Akavua miwani. "Mimi natafuta mtu wa kukaa, mama. Sitaki kila muhula nitafute mwingine."

Nilihisi uso unaniwaka katika ile baridi. Ningeweza kumweleza habari za karatasi na mashine, miaka kumi na sita, jina la nne kwenye orodha. Ningemweleza hadi kengele ilie. Badala yake nilishika panya nikabonyeza kufunga. Mashine ikaniuliza, kama ilivyoniuliza kwa kila barua jana yake, kama nataka kuhifadhi nilichoandika. Barua hiyo sikuwahi kuihifadhi tangu siku ya kwanza, niliiacha tu wazi, nikaendelea kuilaza na kuiamsha mashine. Sista alikuwa bado ameinama, anasoma swali lilelile.

Nikabonyeza hapana.

Kioo kikabaki kitupu, cheupe, hakuna hata kidude kimoja chini yake. Kisha nikasikia funguo zikigongana kwenye mkanda wake, droo ikafunguka, na bahasha ikatua mbele yangu. Nikavipuliza vidole kwanza vipate joto. Nikachapa jina la shule juu, katikati, bila kosa hata moja.